Mana ya Jana Hailiki Leo

(Maongezi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja kanisani)

 

 Tumetumwa na kikundi chetu, sisi watatu wa kamati, na hatukuja kama wahubiri. Sisi ni wakulima. Mmoja wetu anauza mboga sokoni, mwingine anafuga mbuzi, na wa tatu ana cherehani yake pale madukani. Wachungaji wapo hapa, nao wanalijua Neno kutupita. Lakini tuliambiwa tuje tuseme juu ya kuishi karibu na Mungu kila siku, kwa sababu ya mambo yaliyotupata. Kwa hivyo tutasema yale tuliyoyaona kwa macho yetu, na mengine tuliyojifunza baadaye.

Hebu tuanze na swali. Una jirani ambaye huja kwako chumvi ikiisha tu. Akishapata chumvi, huyo anaenda. Hujui watoto wake wanaendeleaje, naye hakujua wewe ulipokuwa mgonjwa. Je, huyo ni rafiki? Si adui, la. Mnaishi kijiji kimoja, mnasalimiana njiani. Lakini siku ya jambo zito hamwezi kuambiana la moyoni.

Sasa, wengi wetu ndivyo tulivyo na Mungu. Jumapili tunamsalimia. Mkutano wa kikundi ukianza tunamwita, ukiisha tunamshukuru. Mvua ikikosa tunapiga hodi kwa nguvu. Katikati ya hapo, kila mtu na kazi yake. Sisi pia tulikuwa hivyo, na yakatufika.

SIKU SANDUKU LILIPOFUNGULIWA

Kikundi chetu kilianza kwa sababu ya maji. Akina mama walikuwa wakitembea mwendo mrefu mpaka mtoni, na wakati wa kiangazi walichimba mchangani. Tukaamua kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabati la shule ya nasari. Kila wiki kila mwanachama alitoa shilingi 50. Pesa ziliwekwa kwenye sanduku la chuma, na ufunguo alikuwa nao mweka hazina peke yake. Tulimwamini. Alikuwa mama wa kanisa, akiomba mpaka watu wanatoa machozi.

Siku moja fundi wa tangi alikuja kuchukua pesa za saruji na mchanga. Sanduku likafunguliwa mbele ya watu wote. Karibu nusu ya pesa haikuwepo.

Hatutawaficha, siku hiyo ilikuwa mbaya. Wengine walitaka twende kwa chifu mara moja. Wengine wakasema tukamate mbuzi wake. Vijana wakasema, ndiyo maana sisi hatutaki mambo ya vikundi vya kanisa. Mweka hazina alikaa chini, leso amejifunika kichwani, hasemi neno.

Ndipo akasimama nyanya mmoja wa kikundi chetu. Huyu nyanya hajui kusoma. Akasema, "Wanangu, pesa tutahesabu. Lakini kwanza mniambie: ni lini mara ya mwisho kila mmoja wenu aliongea na Mungu akiwa peke yake, hakuna mtu wa kumsikia?"

Watu walinyamaza kabisa. Kisha mweka hazina akajibu, "Nyanya, mimi sijaomba peke yangu tangu mwezi wa tatu."

Akatueleza. Mtoto wake alishikwa na ugonjwa usiku, na hospitalini walitaka pesa kwanza. Akafungua sanduku, akachukua, akisema atarudisha akiuza maharagwe. Mvua ikapotea, maharagwe yakakauka shambani. "Asubuhi iliyofuata nilipopiga magoti sikuweza kusema kitu," alituambia. "Nikaona afadhali niinuke nifagie. Kesho yake vile vile. Kwenye mkutano niliomba kwa sauti kubwa ili nisiisikie roho yangu. Na mara ya pili kuchukua haikuwa ngumu."

Wapendwa, lisikilizeni jambo hilo. Kama angetuambia usiku ule kwamba mtoto anaumwa, nani kati yetu angekataa? Tungetoa pesa hizo hizo kwa mikono yetu. Lakini yeye alijificha mbele za Mungu kwanza, halafu ikawa rahisi kujificha mbele yetu. Ni kama Adamu kule bustanini. Kabla ya kumsingizia mke wake, alikuwa amekwisha kuingia kati ya miti.

Na kumbe hakuwa yeye peke yake. Nyanya alipoketi, mwenyekiti alisimama akasema kwamba naye alikopa mara mbili bila kuandikwa kitabuni. Mwandishi akasema alijua, akanyamaza kwa kuwa mwenyekiti ni shemeji yake. Ndugu zetu, huyo mwenyekiti na huyo mwandishi ni kati yetu sisi tuliosimama mbele yenu leo. Ndiyo maana tumesema hatukuja kama wahubiri.

MANA YA KILA ASUBUHI

Baada ya siku hiyo mchungaji alikuja kukaa nasi. Hakutukaripia. Alitusomea kitabu cha Kutoka, sura ya 16, habari ya mana. Tulikuwa tumeisikia tangu shule ya Jumapili, lakini siku hiyo tuliisikia kwa masikio mapya.

Waisraeli walikuwa jangwani, hakuna shamba wala soko. Mungu akawapa chakula juu ya nchi kila asubuhi. Kila mtu aliokota kwa kipimo cha watu wa nyumba yake. Jua likipanda na kuwa kali, iliyobaki nje iliyeyuka. Na mwenye tamaa akiweka ya kesho, aliikuta asubuhi imeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita peke yake waliokota maradufu, na hiyo haikuharibika, ili wapumzike siku ya sabato. Hivyo ndivyo walivyokula miaka 40.

Mchungaji akatuuliza, "Je, Mungu hangeweza kuwapa ghala lililojaa mara moja, wasisumbuke?" Tukajibu, angeweza. "Basi kwa nini hakufanya hivyo?" Yule nyanya ndiye aliyejibu: "Wangemsahau kabla ghala halijafika nusu."

Hapo tukajiona. Sisi tulikuwa tunaishi kwa mana ya zamani. Mmoja aliokoka katika mkutano wa hema akiwa msichana, na miaka yote anasimulia siku hiyo hiyo moja. Mwingine alibatizwa shuleni. Mwingine baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Haya yote ni mazuri, lakini ni mana ya jana. Ukitaka kuila leo utakuta ina mabuu. Na kikundi kinachokula mana ya jana kinaweza kufungua mkutano kwa sala na kuufunga kwa sala, na katikati watu wanaibiana.

WAZEE WA UAMSHO

Pengine mtu atasema haya ni maneno ya vitabuni. Lakini nchi hizi zetu zimewahi kuliona jambo hili, na wazee wengine bado wanakumbuka walivyosimuliwa na wazazi wao.

Mwaka 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka moyo. Pale Namirembe alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja, mweupe na mweusi, wakisoma Biblia na kuomba. Katika siku zile za ukoloni jambo hilo halikuwa la kawaida. Miaka iliyofuata uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 timu yao ikafika Kabete, hapa Kenya. Baadaye ukavuka hata Tanganyika.

Watu wa uamsho walikuwa na neno lao: kutembea nuruni. Maana yake ni kwamba mtu haweki dhambi mpaka ioze. Akikosa asubuhi anatubu asubuhi, kwa Mungu na kwa yule aliyemkosea. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Waume waliomba msamaha kwa wake zao, na wamishonari waliomba msamaha kwa Waafrika. Walikutana mara kwa mara kushuhudia, si habari za miaka iliyopita tu, bali yale Bwana aliyowatendea wiki hiyo.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Hapa hatusemi juu ya vita vya kudai ardhi na uhuru. Hiyo ni habari nyingine, na wengi wetu tuna ndugu waliopigana na kuteseka. Tunasema tu kwamba katika nchi ya Kati wengi wa hao wandugu walikataa kula kiapo, na walipopewa bunduki za serikali wakazikataa pia. Kwa hiyo walishukiwa pande zote mbili. Wengine walipigwa, wengine waliuawa.

Tulijiuliza, ujasiri huo waliutoa wapi? Hawakuwa wameuweka ghalani. Tunafikiri ilikuwa hivi: mtoto anayerudi nyumbani kila jioni hapotezi mlango hata usiku wa giza. Wao waliuzoea mlango ule siku za kawaida, za kupalilia na kukamua, ndiyo maana usiku wa hatari waliuona.

KILA SIKU KWA NAMNA GANI?

Sasa mama mmoja hapo nyuma anajiuliza, "Haya yote ni mazuri, lakini mimi naamka kabla ya jogoo. Kuna maji, kuni, uji wa watoto, ng'ombe, shamba. Huo wakati wa kukaa na Mungu nitautoa wapi?" Hilo ni swali la haki. Tutawaambia yale yaliyotusaidia.

1. Chagua wakati mdogo, usiubadilishe. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, dirisha limefunguliwa kuelekea Yerusalemu. Sheria ya kumzuia ilipotoka hakuongeza wala hakupunguza. Aliendelea kama alivyozoea. Yesu mwenyewe aliondoka alfajiri, kukiwa bado giza, akaenda mahali pa faragha kuomba. Mmoja wetu huomba akiwa bado anapuliza moto, kabla watoto hawajaamka. Ni dakika kidogo, lakini ni za kila siku. Afadhali kijiko kila siku kuliko sufuria mara moja kwa mwaka.

2. Chukua neno moja la kwenda nalo. Usijaribu kumaliza sura nyingi. Mistari michache inatosha, uitafune siku nzima kama muwa. Asiyejua kusoma asione aibu. Nyanya wetu husomewa na mjukuu wake anayesoma darasa la tano, kila jioni baada ya chakula. Mtoto naye ananufaika.

3. Mwambie Mungu kweli. Katika Zaburi mna sala nyingi za kulalamika. Daudi hakuogopa kumuuliza Mungu mpaka lini atamsahau. Kama umemkasirikia mume wako au jirani, anza hapo. Kama umechukua kitu kisicho chako, anza hapo. Mweka hazina wetu alitufundisha kwamba siku unapoona huwezi kuomba, hiyo ndiyo siku ya kupiga magoti.

4. Omba ukiwa kazini. Kule Ufaransa, katika mwaka 1640, askari wa zamani aitwaye Nicolas Herman aliingia katika nyumba ya watawa wa Wakarmeli mjini Paris. Wakamwita Ndugu Lawrence. Hakuwa msomi, wakampeleka jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda. Lakini alijizoeza kumkumbuka Mungu katikati ya vyungu na kelele, mpaka akaona hakuna tofauti kati ya saa ya kazi na saa ya sala. Alikufa mwaka 1691, na mpaka leo watu wanasoma mafundisho yake. Akina mama, kama mpishi yule aliweza, nanyi mnaweza. Ukipalilia mstari mmoja, mwombee mtu mmoja. Ukibeba maji, shukuru kwa ajili ya wale watakaoyanywa.

5. Tengeneza na ndugu yako. Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka yako hapo, uende mkapatane kwanza. Mtu hawezi kuwa karibu na Mungu huku njia ya kwenda kwa jirani imefungwa kwa miiba.

MAMBO TULIYOKOSEA

Tusije tukawadanganya kwamba baadaye kila kitu kilikuwa kizuri.

Kwanza, tulitaka kuonyesha bidii, tukanunua daftari la maombi. Kila mkutano jina linaitwa: umeomba siku ngapi wiki hii? Baada ya mwezi kila mtu alikuwa akisema siku saba. Nyanya akacheka, akauliza kama tumeanza kuiba tena, mara hii si pesa. Tukaliacha daftari lile. Mambo ya mtu na Mungu wake hayaandikwi rejista.

Pili, tulidhani sala inatosha. Haitoshi. Sala haichukui nafasi ya risiti. Siku hizi sanduku letu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Hesabu zinasomwa kwa sauti kila mkutano, na mkopo wowote unaandikwa hapo hapo. Hatufanyi hivyo kwa kukosa imani. Tunajua udhaifu wetu, na anayempenda ndugu yake hamwachi peke yake na jaribu. Tena tulitenga mfuko mdogo wa ugonjwa, ili asiwepo tena mama wa kukaa na siri usiku na mtoto mgonjwa mikononi.

Tatu, wengine walifikiri tukiomba kila siku mvua itanyesha. Msimu uliofuata mahindi yalikauka kama ya watu wengine wote. Familia moja ya kikundi ilimzika kijana wao. Tulikaa nao, hatukuwa na maneno mengi. Baba yake alituambia kitu kimoja tu: "Asubuhi bado naenda. Sina la kusema, lakini naenda." Tunafikiri hiyo ndiyo imani. Mungu si mashine ya kusagia, kwamba unatia gunia huku unatoa unga kule. Yeye ni Baba, na mtoto hukaa na baba yake hata siku ambayo hakuna kitu mezani.

Na mweka hazina? Alirudisha pesa kidogo kidogo, zaidi ya mwaka mmoja. Mwenyekiti aliuza mbuzi wawili, akalipa. Wanachama wanne walitoka, na mmoja mpaka leo hatusalimii. Tunamwelewa, na tunaendelea kumwombea. Tangi lilichelewa, mvua ndefu za mwaka ule zikapita likiwa bado msingi tu. Watoto walienda mtoni msimu mwingine mzima kwa sababu ya kosa letu. Hilo hatulisahau. Lakini tangi lipo sasa, na anayefungua mfereji asubuhi ni yule yule mweka hazina wa zamani. Tulimchagua sisi wenyewe.

MWISHO

Wapendwa, mtarudi vijijini jioni hii. Hatuwaombi mfanye jambo kubwa. Kesho alfajiri, kabla hujaongea na mtu yeyote, ongea na Mungu. Kesho kutwa tena. Ukisahau siku moja, usikate tamaa wala usijaribu kulipa deni la maombi. Mana haina deni. Toka tu nje asubuhi inayofuata, utaikuta ya siku hiyo.

Na ukiona katika kikundi chako mtu ambaye zamani alikuwa na furaha sasa hatazami watu machoni, usikimbilie sanduku kwanza. Mtembelee. Muulize polepole kama anaendelea vizuri. Labda kuna usiku mmoja hajamwambia mtu.

Mungu awabariki, na awape mkate wa leo. 

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, ni wakati gani wa siku unaokufaa kuwa na Mungu peke yako? Ni nini kinachokuzuia?

2. Mweka hazina alijificha mbele za Mungu kwanza, kisha mbele ya kikundi. Kwa nini mambo haya mawili hufuatana?

3. Katika kikundi chenu, mwanachama akipata shida usiku anaweza kumwendea nani? Mnaweza kufanya nini ili asione haya kusema?

4. Someni Kutoka 16. "Mana ya jana" kwenu ni kitu gani?